Nimepata skolashipu ya kusomea neva za wadudu, nyumbani wanasema naenda kufuga vinzi vya mbege. Naombeni ushauri wakuu

Mwana_Kibosho

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mi mwenyeji wa Kibosho ila saivi naishi Sakina hapa Arusha, nauza duka la pembejeo la mtu jirani na soko la Kilombero. Nina degrii ya sayansi na ualimu, biolojia na kemia, nilimaliza miaka mitatu iliyopita, mambo ya ajira mnayajua, kwaiyo nikawa naomba kila kinachopita mbele yangu, za ndani za nje, mpaka zingine nikasahau niliomba lini.

Sasa wiki iliyopita zimeingia mbili kwa mpigo. Ya kwanza jina langu limetoka ualimu wa sekondari, shule iko porini kabisa lakini ni ajira ya kudumu, natakiwa kuripoti mwisho wa mwezi. Ya pili ni skolashipu ya masta ya utafiti Uingereza, mwaka mmoja, ada wanalipa na hela ya kula wanatoa, kwenye maabara ya profesa anayechunguza jinsi mfumo wa neva wa mdudu unavyojijenga mdudu akiwa bado kwenye yai. Sio kuua wadudu, sio kilimo, ni kujua tu neva ya kwanza inatokea wapi na inajuaje pa kwenda. Kwenye intavyuu ya video nilimweleza habari za kantangaze, kale kadudu kanakomaliza nyanya, na wakulima wanaorudisha chupa dukani wakisema dawa haiui, nadhani hicho ndo kilimpendeza maana mi mwenyewe hadubini mara ya mwisho niliigusa chuoni mwaka wa pili, tukiwa watu kumi na mbili kwa moja.

Shida iko nyumbani. Mama anapika mbege, pombe yetu ya ndizi, na hiyo mbege ndo iliyonisomesha toka darasa la kwanza. Nikafanya kosa nikamwambia ukweli kwamba mdudu mwenyewe ni drosofila, vile vinzi vidogo vya macho mekundu vinavyozunguka pipa lake. Alinyamaza kidogo akasema, "kwaiyo nimechemsha ndizi miaka yote hii ili uende Ulaya kufuga vinzi vyangu?" Baba mdogo nae akadaka hapo hapo, akaitisha kikao cha simu, ukoo mzima unajua.

Ninachouliza ni hiki, hii ni kazi kweli? Yupo mtu aliyeishi maisha yake yote anasoma neva za mdudu akazeeka nayo, akala, akasomesha watoto? Siku nzima wanafanya nini humo ndani? Na mtu wa huku akimaliza anarudi wapi, maana tangazo la ajira la mtaalamu wa ubongo wa nzi sijaliona hata siku moja.

Matusi hapana, utani ruksa.

Chalii wa Kijenge

Utani umeruhusiwa eeh hahaha. Yani we chalii utashuka KIA na begi limejaa nzi, askari wa forodha akuulize una nini cha kutangaza useme nina wenzangu elfu tatu. Sisi huku Kijenge tunawapigia gazeti buchani we unaenda kuwasomea masta. Nenda tu mwanangu, ukikosa kazi njoo buchani utushauri kitaalamu.

Mhasibu wa Majengo

Mdogo wangu mi nitakuwa tofauti kidogo na najua vijana hamtanipenda. Ajira ya kudumu ya serikali unaijua thamani yake? Bima, mkopo benki, mafao. Huo mwaka mmoja utaisha kabla hujazoea baridi yao, utarudi na cheti kizuri sana cha kuweka kwenye fremu na ile nafasi ya ualimu imeshakwenda kwa mwingine. Mama yako amechoka, anataka aone mtoto ana mshahara tarehe inayojulikana. Ripoti kazini, utafiti utafanya ukishapata msingi.

NyanyaKwanza

Mi ni mkulima Ngarenanyuki. Naona ni jambo jema kijana asome hao nzi wa matunda maana embe za bondeni zimeisha kwa sababu yao, unapasua embe ndani funza watupu. Akajifunze dawa ya kuwamaliza arudi. Na akipita kwenye kantangaze asituache, toka iingie 2014 tumepulizia kila rangi ya chupa.

Dada Hadubini

Nimeona hii posti saa sita usiku huku niliko na sikuweza kulala bila kujibu. Mi ni mtu wa Machame, sekondari nimesoma Moshi, PhD nimefanya Ulaya kwenye hao hao vinzi na saivi niko mwaka wa pili wa posidoki, yani kazi ya utafiti ya mkataba baada ya PhD. Itakuwa ndefu mnisamehe.

Kwanza nimsaidie kaka wa Ngarenanyuki. Nzi anayeharibu embe ni mwingine, ni mkubwa zaidi, anatoboa tunda zima likiwa mtini na kutaga humo. Wa mwenzetu ni kale ka milimita mbili tatu hivi, hakana haja na embe lako zima, kenyewe kanafuata kilichoanza kuchacha, ndizi iliyopitiliza, mbege, glasi ya mvinyo iliyoachwa mezani. Wote wawili watu wanawaita nzi wa matunda ndo maana mnachanganya, hata balozini walishaniuliza.

Sasa swali lako, kuna mtu amezeeka na kazi hii? Wapo wengi na mi huwa namtaja Michael Bate wa Cambridge. Huyu mzee mwaka 1976 alitoa kazi mbili ambazo mpaka leo mwanafunzi akiingia kwenye fani anaanzia hapo, na alifanya kwa nzige sio kwa nzi. Sababu ni ya kawaida tu, kiinitete cha nzige, yani mdudu anayejijenga ndani ya yai, ni kikubwa, seli unaziona. Akakaa anachora seli moja moja, yai kwa yai, akakuta kila pingili ya mwili ina seli mama zinazozaa neva, tunaziita nyuroblasti, kama 30 kila upande na moja katikati, na kila moja ina kiti chake, ukimfungua nzige huyu na yule unaikuta pale pale kama watu wenye namba za siti kwenye basi. Na zinavyozaa sasa, seli kubwa inagawanyika kwa upendeleo, yenyewe inabaki kubwa pembeni inatoa kadogo, hako kadogo kanagawanyika mara moja tu basi, kubwa inazaa kengine na kengine, kwaiyo unapata foleni ya watoto na kila mtoto kulingana na zamu aliyozaliwa anakuwa neva ya aina yake.

Kazi ya pili ndo iliyoniingiza mimi kwenye fani. Mguu wa nzige ukiwa bado kinundu tu ndani ya yai, kule ncha ya mguu kuna seli mbili zinatoa kamkia karefu, aksoni, kanatambaa kurudi kuelekea katikati ya mwili. Wakati huo umbali ni mfupi sana. Baadae mguu unarefuka, zinakuja neva zingine kibao za mguu, na zenyewe hazihangaiki kutafuta, zinafuata ule mkia wa kwanza. We si mtu wa Kibosho, unajua kale kanjia kanakokatiza kihambani? Wa kwanza alipita migomba ikiwa mitatu, leo kuna ukuta kuna banda la ng'ombe kuna kaburi la babu lakini watu wote wanapinda pale pale alipopinda yeye. Bate aliziita neva waanzilishi na alizikuta kwa kuangalia tu, hamna mashine ya ajabu, ni jicho na subira.

Halafu akahama mnyama. Sio yeye peke yake, na Corey Goodman wa Marekani pia alianzia kwa panzi. Kwa nzige unaona vizuri lakini huwezi kuuliza jeni gani inafanya nini, kwa drosofila unaweza, kutoka yai mpaka nzi mzima ni siku kumi hivi ukimweka nyuzi joto 25, ana jozi nne tu za kromosomu na watu wanamjua toka enzi za Morgan, mtafiti wa urithi wa Marekani, mwaka 1910. Kilichosaidia ni kwamba mwaka 1984 wao na wenzao wawili wakaonyesha kumbe ramani ya neva za panzi na ya nzi ni moja, seli zile zile na njia zile zile, japo wadudu wenyewe wameachana mamia ya mamilioni ya miaka huko nyuma. Kwaiyo hakupoteza kitu alipohama, alibeba ramani yake akaenda nayo.

Ngoja nikupe mfano wa jeni utakaoweza kumweleza mama. Kwa mdudu kama kwetu, kuna mstari wa katikati ya mwili na neva nyingi zinavuka kutoka kushoto kwenda kulia mara moja na haziruhusiwi kuvuka tena. Maabara ya Goodman mwaka 1993 walikagua maelfu ya viinitete vyenye jeni zilizoharibika wakakuta kimoja neva zake zinavuka, zinarudi, zinavuka tena, zinazunguka kama daladala iliyopotea kwenye kiplefti cha Mnara wa Saa. Wakaipa hiyo jeni jina la kiplefti kwa Kiingereza, roundabout, siku hizi tunaifupisha robo. Baadae mwaka 1999 ikajulikana seli za katikati zinatoa protini inayofukuza neva na robo ndo pua ya kuinusa hiyo protini, pua ikiharibika neva haisikii harufu ya kufukuzwa. Sasa binadamu nae anazo robo, na mtoto akizaliwa moja yapo, ROBO3, imeharibika kwa wazazi wote wawili macho yake hayawezi kutazama pembeni na uti wa mgongo unapinda anavyokua. Hii ROBO3 kazi yake ni kinyume kidogo na ile ya nzi, neva zake zilitakiwa kuvuka hazikuvuka. Hicho kitu kisingejulikana haraka hivyo bila kinzi cha kwenye pipa.

Siku nzima tunafanya nini? Tunapika uji. Sitanii, chakula cha nzi ni unga wa mahindi, sukari, hamira na agari, ukiingia jikoni kwetu asubuhi utadhani kuna msiba. Halafu unawawekea jike sahani ya juisi ya zabibu na hamira watage, unasubiri masaa unayotaka, unakusanya mayai kwa brashi ya kuchorea, unayavua ganda kwa jiki, ile ile jiki ya kufulia, unayaosha, unayapaka rangi zinazoshika neva tu, unakaa kwenye hadubini gizani mpaka mgongo unauma. Kutoka yai kutagwa mpaka buu kutoka ni kama masaa 22 hadi 24, kwaiyo ukitaka kuona jambo linalotokea saa ya kumi na tano hesabu mwenyewe utaamka saa ngapi. Nzi hawajui Pasaka wala Idi.

Na alivyomalizia Bate ndo hapo panaponigusa. Mwaka 2008, miaka 32 baada ya ile michoro ya nzige, yeye na wenzake wakatoa kazi ya kuangalia kiinitete cha nzi kinavyoanza kujitikisa kwa mara ya kwanza. Mwanzo misuli inajivuta yenyewe tu bila amri, kanajikunja hapa kanajikunja pale hovyo hovyo, halafu neva zinashika usukani, na masaa machache mbele unaona wimbi limepangika kutoka nyuma kwenda mbele, mwendo wa buu kabisa, kakiwa bado ndani ya yai. Yani aliuliza neva zinajengwaje akiwa kijana na bado alikuwa anauliza akiwa mzee, katikati hapo akapitia misuli miaka kadhaa maana neva lazima ishike kitu. Usimwige mtu ila huo ndo mfano ulioomba.

Ntarudi kwenye hela, naona Mhasibu ananisubiri.

Mhasibu wa Majengo

Nakusubiri kweli dada yangu. Umeandika vizuri mpaka nimesoma mara mbili, ila hujajibu. Una PhD, una umri gani, mkataba wako ni wa muda gani, na ukiisha unaenda wapi? Huyo mzee wa Cambridge alianza enzi zake, huyu kijana anaanza leo na mama anapika mbege.

Dada Hadubini

Haya kaka nijibu bila kuficha. Nina miaka 34. Mkataba wangu ni wa miaka mitatu na nimebakiza mmoja na nusu, ukiisha naomba mwingine au naomba nafasi ya kuanzisha maabara yangu, na hizo nafasi ni chache, tunaoomba ni wengi kuliko viti. Wenzangu nusu wameshatoka, mmoja anachambua data za hospitali, mwingine yuko kampuni ya dawa za kilimo, mwingine anafundisha chuo na anaonekana ana furaha kutuzidi wote. Nyumbani natuma sio kama watu wanavyodhani. Kaka yangu mwenye hiace mbili za Moshi Arusha ananizidi.

Ila masta iliyolipiwa kila kitu sio sawa na masta ya kujilipia, hapo usizichanganye. Hauzi shamba la mtu. Mwaka ukiisha ana mikono inayojua kufungua kiinitete, kupiga picha za hadubini, kuhesabu na kuandika programu kidogo, na hivyo vitu vinahama na mtu popote.

Kuhusu kurudi, mdogo wangu usidhani hii kitu ni ya kizungu tupu. Historia ya Afrika Mashariki kwenye utafiti wa wadudu ni ya zamani. Thomas Odhiambo, Mkenya, alitoka Makerere akaenda Cambridge kusoma chini ya Wigglesworth, yule aliyekuwa anakata vichwa vya kunguni wanyonya damu wa Marekani ya Kusini na mdudu anaendelea kuishi miezi bila kichwa ila hajivui gamba tena, akaonyesha ubongo ndo unaotoa amri ya kujivua. Odhiambo angeweza kubaki huko. Alirudi na mwaka 1970 akaanzisha icipe pale Nairobi, ambayo hadi leo ni taasisi ya wadudu inayoheshimika duniani kote na Watanzania wanasoma pale kila mwaka. Toka Namanga ni masaa machache tu.

Na kuna hii, mwaka 2011 Lucia Prieto-Godino aliyefanya PhD yake kwa huyo huyo Bate, na Tom Baden na Sadiq Yusuf, walianza kozi ya neva za wadudu Ishaka, Uganda, chuo cha Kampala International, kwa drosofila hao hao kwasababu chupa na uji wa mahindi vinapatikana popote. Hiyo ndo iliyozaa TReND in Africa, shirika linaloinua sayansi Afrika. Baadae Lucia akafungua maabara yake taasisi ya Francis Crick, London, na kati ya wadudu aliowachunguza ni mbung'o, wale wa kwetu wanaowauma watu njia ya Serengeti. Kwaiyo kamba imetoka nzige, ikaenda nzi, imefika mbung'o, na wa kuishika kutoka huku kwetu bado ni wachache mno.

Kabla hujasaini muulize profesa mambo haya wala usione aibu. Wanafunzi wake waliopita wako wapi leo. Ni nani hasa atakayekaa na wewe mezani wiki za kwanza, maana profesa mwenyewe utamuona kwenye vikao tu. Na kama kuna njia ya kuendelea PhD, hela iko tayari au ni ahadi ya mdomo.

Chalii wa Kijenge

Mi nimeganda kwenye mdudu asiye na kichwa anaishi miezi. Nina mjomba wa hivyo.

Mzee wa Ngaramtoni

Shikamooni nyote mnaostahili, na wadogo marahaba. Mimi nimestaafu, nilikuwa fundi wa maabara huku Ngaramtoni miaka mingi, kazi yangu ilikuwa kufuga mbu na nzi wa kujaribia dawa. Sikusoma kama huyu binti wa Machame ila wadudu waliopita mikononi mwangu siwezi kuwahesabu.

Nataka nimjibu NyanyaKwanza na huyo mwana wa mama mbege kwa pamoja maana swali lao ni moja. Mnafikiri neva za mdudu ni elimu ya anasa. Hizo chupa zote kijana anazouza Kilombero, soma nyuma ya lebo, nyingi zinaua kwa kupiga neva. Pareto, lile ua jeupe, sumu yake inashikilia mlango wa sodiamu kwenye neva ubaki wazi, neva inapiga kelele haikomi, mdudu anatetemeka anaanguka. Dawa za kwenye vyandarua ni watoto wa pareto waliotengenezwa kiwandani. DDT nayo inapiga mlango huo huo. Malathioni na ndugu zake njia yao ni nyingine, wanazuia kimeng'enya kinachofagia asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, kwaiyo ujumbe unabaki unagonga mlango tu. Sasa mdudu akizaliwa na mlango uliobadilika umbo kidogo, dawa haishiki, huyo anaishi, anazaa, na msimu ujao shamba limejaa watoto wake. Kwa mbu tuliona, na kantangaze ni hivyo hivyo kwa dawa za jamii ya pareto. Ndio maana kijana wangu unapobadilisha rangi ya chupa bila kubadilisha aina ya sumu unajilisha upepo. Angalia kundi la dawa lililoandikwa kwenye lebo, zungusha makundi, sio majina.

Kazi yetu ilikuwa rahisi kusema. Unaingiza mbu 20 au 25 kwenye bomba lenye karatasi yenye dawa, saa moja, unawahamisha, unawapa maji ya sukari, baada ya masaa 24 unahesabu waliokufa. Nimehesabu maiti miaka yote hiyo na hakuna siku niliyojua neva ya mbu ilijijengaje mpaka ikawa na ule mlango. Wakubwa wangu nao wengi walikuwa hawajui. Wageni walipokuja kutoa mada mi ndo nilikuwa naandaa projekta, nasikiliza mlangoni.

Jambo la pili ni mikono. Vyeti nimeona vingi. Wanafunzi walikuwa wanakuja na alama nzuri halafu anamvuta mbu kwa aspireta, kale kabomba ka kunyonyea wadudu, anamuua, anasahau kufunika keji, umeme ukikatika usiku hakuna anayekumbuka wadudu wako kwenye joto gani. Koloni ya miezi minane ikafa usiku mmoja, sitasema wapi. Kama kijana anaenda, aende mikono yake ikiwa imeshazoea. Huko hawatakuwa na muda wa kumfundisha kushika nzi.

NyanyaKwanza

Mzee asante sana, nimeenda kuangalia chupa zangu nne hapa stoo, tatu ni kundi moja. Hela yangu imeliwa kihalali kabisa.

Mhasibu wa Majengo

Shikamoo mzee. Mi bado nasimama na ualimu ila naomba nirekebishe kidogo, kama skolashipu kweli ni kamili basi amwandikie mwajiri mapema aulize utaratibu wa wanaopata masomo, asipotee kimya kimya. Nimeona watu wakipotea halafu wakirudi wanashangaa jina limefutwa.

Dada Hadubini

Mzee umenitoa machozi hapo kwenye projekta.

Mwana_Kibosho nikuongezee moja tu nililosahau. Mtu akikuambia mambo ya ubongo wa nzi yameshaisha kwasababu mwaka 2024 ilitoka ramani nzima ya ubongo wa nzi jike mkubwa, nyuroni, yani seli za neva, 139,255, na mwaka mmoja kabla yake ya buu, nyuroni 3,016, ujue ni kweli zimetoka na ni kazi kubwa mno. Lakini ramani ya Arusha haikwambii nani alijenga Sanawari kwanza na kwanini barabara ya Njiro ilipinda pale. Inakuonyesha imekaaje leo. Ilifikaje hapo ndo kazi unayoitiwa.

Mwana_Kibosho

Shikamoo mzee, na wengine wote nashukuru sana, nimesoma kila komenti, zingine nimezisoma kwenye hiace nikapitilizwa kituo.

Jumapili nilipanda Kibosho. Baba mdogo alikuwepo, nikamweleza ya Mhasibu ya kuandika barua, akatulia kidogo, anapenda sana mambo ya barua. Mama nilimkuta jikoni na pipa. Sikumwambia habari za Cambridge wala kiplefti, nilimwuliza tu mama, hivi hawa vinzi huwa wanakuja siku ya ngapi? Akaniangalia kama mjinga. Akasema hawaji ndizi ikiwa bado inachemshwa, na ikiwa mpya hawaji, wanakuja ikianza kuchacha, na yeye akiwaona wamejaa kwenye mdomo wa pipa ndo anajua kesho wateja waje, hajawahi kuonja ili kujua. Nikamwambia mama, huko ninakoitwa wanalipa watu kujua mambo hayo. Akacheka, akasema waambie wanilipe mimi basi. Hajasema nenda, hajasema usiende, ila jioni alinifungia ndizi za kurudi nazo na akauliza huko baridi ikoje.

Nimeshamwandikia profesa yale maswali ya dada, amejibu yote siku hiyo hiyo, wanafunzi wake watano amenitajia mmoja mmoja wako wapi, wawili wametoka kabisa kwenye utafiti na amesema wazi. Ya mwajiri naandika kesho.

Mzee, kama sio usumbufu, Jumamosi nafunga duka saa saba. Naweza kukufuata Ngaramtoni unionyeshe kushika nzi?

Mzee wa Ngaramtoni

Jumamosi nipo. Ukishuka stendi uliza kwa fundi wa hadubini kila mtu atakuleta, japo mi nilikuwa nafuga mbu tu. Njoo na chupa tatu tupu za jemu, pamba, na ndizi moja iliyoiva sana, hizo za mama zitafaa. Nzi usinunue wala usibebe, watakuja wenyewe.